Kitufe cha Matanga

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Nimefungua ofisi mapema kama kawaida. Nimefagia, nimepanguza meza, nimechemsha chai. Linet, mwenzangu wa hapa ofisini, ameingia chai ikiwa tayari na akamimina kikombe cha kwanza. Huyo msichana hana haya. Nampenda hivyo hivyo.

Taipureta zetu mbili sasa ziko chini ya kaunta, zimefunikwa gunia. Bi Zuhura, mwenye ofisi, hataki kuzisikia tena. Ameleta kompyuta pamoja na printa, na ametuambia kuwa biashara ya kuchapa hapa Kakamega sasa ni ya anayemaliza upesi. Haya. Kuchapa najua. Nilianza kuchapa kabla Linet hajazaliwa.

Tatizo ni hiki kipanya. Kila programu imepewa picha ndogo kwenye kioo. Lazima usukume kishale mpaka kikae juu ya picha, ndipo ubofye mara mbili. Wenzangu wanakiona hicho kishale. Mimi naona weupe na ukungu. Leo nimekitafuta mpaka mteja akaanza kukohoa. Nimesingizia jua la dirishani. Linet akainuka, akavuta pazia. Kishale bado sikukiona.

Naandika haya kwa kalamu nene ya mabango, herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea. Daftari litaisha upesi.

Jumatano, 7 Agosti

Siku mbaya. Nilitaka kufungua barua, nikafungua mchezo wa karata. Mbele ya padri. Linet alicheka mpaka akakaa chini. Padri naye akacheka. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 9 Agosti

Leo nimemkumbuka Miss Agneta, aliyenifundisha taipu. Alikuwa akitufunika mikono kwa kitambaa ili tusitazame herufi. Aliyechungulia alipigwa rula. Nilimchukia vibaya sana. Leo namshukuru popote alipo. Vidole vyangu vinajua kila herufi ilipolala. Nikishafika ndani ya programu, hakuna wa kunishika. Kazi ni kufika.

Kitabu kilichokuja na kompyuta kilikuwa kinazuia mlango usijifunge. Nimekiokota, nikamwomba Linet anisomee wakati wa chai, kwa kisingizio kwamba Kiingereza kile kinaniumiza kichwa. Alisoma huku anatafuna andazi. Maneno mengi ya bure. Halafu akasoma jambo: kila picha inaweza kupewa herufi yake. Ukishika Ctrl na Alt pamoja na hiyo herufi, programu inafunguka yenyewe. Bila kipanya wala kishale.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikampa na andazi langu.

Jumanne, 13 Agosti

Linet amenisaidia kuweka herufi. Kishale alisukuma yeye, mimi nikaamuru. Sasa B inafungua barua. H inafungua harusi. W inafungua wasifu wa wanaotafuta kazi. M inafungua matanga.

Raha yake ni kwamba haifunguki programu tupu. Inakuja na kiunzi ndani. Nikibonyeza M, historia ya marehemu inatokea na vichwa vyake vyote: Kuzaliwa, Elimu, Kazi, Ndoa, Watoto, Ugonjwa. Chini ya kila kichwa pako wazi, pananingoja. Na kuhama kutoka kichwa kimoja hadi kingine siteremki mstari kwa mstari. Kuna kitufe cha kutafuta. Naandika "Watoto", mashine inanipeleka kwenye Watoto. Kwa nini nijichoshe?

Kipanya nimekisukuma nyuma ya printa. Kikae huko na vumbi.

Linet ananiita Senje, maana yake shangazi, ingawa hatuna udugu wowote. Leo ameniuliza, "Senje, wewe unachapanga ama unapiganga kinanda?" Nimefurahi. Nitasema wazi, nimefurahi kupita kiasi.

Alhamisi, 22 Agosti

Alhamisi ya matanga. Watu wetu wanazika Jumamosi, kwa hiyo Alhamisi benchi linajaa wafiwa wenye macho mekundu na karatasi zilizokunjwa. Zamani tulikuwa tunawaambia warudi kesho. Leo hakuna aliyerudishwa. Kila mmoja ananisomea karatasi yake, mimi najaza. M, jaza, chapa. M, jaza, chapa. Mzee mmoja wa kutoka Malava alisema hajaona mikono ya namna hii.

Bi Zuhura aliingia na Asalaam aleikum yake ya Mumias, akatusalimia wote hadi wa mwisho kwenye benchi, akaja kusimama nyuma yangu. Akauliza kasi hii nimeitoa wapi. Halafu akamkumbuka Timona, aliyekuwa akichapa hapa kabla yangu. Alikuwa mtu mzuri sana, alisema, lakini macho yalipomwisha ilibidi ampumzishe. Kazi ya watu haiwezi kumngoja asiyeona.

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anazungumza tu. Lakini mimi vidole vilisimama, kisha nikavikumbusha kazi yao.

Ndivyo mambo yalivyo, nayaandika hapa ili nisijidanganye. Bi Zuhura akijua sioni, kazi imekwisha. Na mimi zaidi ya hii kazi sijui nyingine, na umri wangu si wa kuanza kuuza mboga sokoni.

Jumapili, 1 Septemba

Kanisani nimeimba kutoka kichwani. Kitabu cha nyimbo nimekifungua tu kwa heshima. Jua la kutoka nje lilinipiga usoni nikasimama mlangoni kama kuku aliyemulikwa tochi, mpaka mama mmoja akanishika mkono akidhani naumwa.

Mama yangu naye alikuwa na mtoto wa jicho, akamaliza siku zake mlangoni hivyo hivyo, akichambua maharagwe kwa vidole. Hakuwahi kwenda hospitali. Alisema kisu hakigusi jicho lake. Mimi pia nasema hivyo. Naogopa kisu kuliko giza, na naogopa giza kuliko kitu chochote. Najua hayo mawili hayakubaliani. Basi.

Ijumaa, 6 Septemba

Kazi nyingi. Herufi zote zinaitika. Nyumbani Shirere nimekula obusuma, ugali wetu, na mboga baridi, nikalala na viatu.

Jumatano, 11 Septemba

Mchana nilikwenda posta. Linet akabaki na wafiwa wa mzee mmoja aliyekuwa na wake wawili. Naye sasa ameonja utamu wa vitufe, akabonyeza M mwenyewe, akajaza vizuri, akahifadhi. Lakini alihifadhi juu ya kiunzi changu badala ya kuipa faili jina jipya. Nilivyorudi nikakuta amejikunyata. Alikuwa ameshahifadhi tena historia ya yule mzee kwa jina lake, kisha akafuta maneno yote kwenye kiunzi kikabaki na vichwa, kama mwanzo.

Nimemgombeza kidogo. Nikabonyeza M. Nikatafuta Kuzaliwa, kipo. Nikatafuta Ndoa, kipo. Watoto, kipo. Nikasema sawa.

Alhamisi, 12 Septemba

Benchi limejaa tena. Kati yao walikuwa watu wa Lugari, kijana anayeitwa Ronald na amu yake. Wanamzika baba yake Ronald, Mzee Zakayo. Amu alikuwa anataja, mimi nachapa. Alifanya kazi ya kiwanda cha sukari upande wa Butali miaka mingi, akirudi kwake mwisho wa mwezi, kisha akastaafu akawa mkulima wa mahindi. Mke wake ni Mama Rasoa. Watoto kadhaa, wote wazima.

Nimetafuta Ndoa, nikaandika Rasoa. Nimetafuta Watoto, nikaandika watoto. Chap chap. Amu akatoka nje kutafuta sigara kabla sijafika kwenye Ugonjwa, ikabidi Linet amkimbilie.

Desturi yetu ni kwamba mteja mwenyewe husoma kabla ya fotokopi. Ronald alisoma. Alikaa na ile karatasi muda mrefu. Nikadhani ni uchungu wa kufiwa, sikumharakisha. Mwishowe akasema, "Iko sawa, madam." Sauti ilikuwa chini sana.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimefua. Nimepalilia maharagwe nyuma ya nyumba kwa kupapasa, na nadhani nimeng'oa maharagwe mengi kuliko magugu.

Jumapili, 15 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Baada ya ibada, mama mmoja wa kwaya alikuwa anawachekesha wenzake. Ana wakwe Lugari na jana alikuwa kwenye mazishi huko. Mazishi ya Mzee Zakayo. Mwenye kuongoza shughuli alikuwa anasoma historia ya marehemu kwa kipaza sauti. Akafika kwenye Ndoa. Akasoma jina la Rasoa. Halafu akasoma, "Mke wa pili, Bi Selina wa Butali."

Kwao Lugari hakuna aliyewahi kusikia habari za Selina. Mwenye kuongoza, kwa kuwa imeandikwa, akamwita Bi Selina aje mbele akae na mwenzake. Wakangoja. Watu wakaanza kugeuka na kutazama akina mama waliokaa nyuma. Wageni waliotoka mbali na wasiojulikana vizuri walianza kutazama chini.

Ndipo Mama Rasoa akasimama na kitambaa chake cheupe kichwani. Akasema, "Kama yuko, aje. Chakula kipo."

Hapo wanakwaya walicheka. Mimi nilirudi nyumbani kwa kupapasa ua wa njiani. Mimi Selina sikumchapa. Nani alimchapa?

Jumatatu, 16 Septemba

Bi Zuhura yuko Mumias kwa harusi ya ndugu zake. Afadhali.

Nimemwambia Linet afungue faili ya Mzee Zakayo anisomee chini ya Ndoa. Akasoma jina la Rasoa. Halafu akasoma, "Mke wa pili, Bi Selina wa Butali." Kisha akaanza kulia. Ni mstari wa yule mzee wa Jumatano. Alipokuwa anafuta, huo mmoja ulimponyoka. Nami nikapita juu yake, kutoka Ndoa moja kwa moja hadi Watoto, kwa kitufe changu cha kutafuta. Mtu yeyote mwenye macho angeuona. Umekaa hapo katikati ya ukurasa.

Linet anasema atafukuzwa. Huenda. Anamsomesha mdogo wake.

Nimewaza jambo baya na nitaliandika. Nikisema ni Linet, nitakuwa nimesema kweli. Nusu ya kweli, lakini kweli. Hakuna atakayeuliza habari za macho yangu. Nimeliwaza hilo tangu chai ya asubuhi mpaka kufunga.

Jumatano, 18 Septemba

Ronald amekuja. Nilitegemea matusi. Hakuwa nayo. Alikaa kwenye benchi akakunjakunja kofia.

Aliliona lile jina, anasema. Siku ile ile, hapa hapa. Akadhani ni amu yake aliyelitaja wakati yeye Ronald ametoka nje kidogo, kwamba wazee walikuwa wanajua siri ya Butali na wameamua itoke siku ya mazishi. Mtoto hawezi kuwauliza wazee jambo kama hilo. Akanyamaza. Na amu, alipolisikia kaburini, akadhani ni Ronald aliyeliongeza kwa amri ya baba yake. Naye akanyamaza. Kila mmoja amenyamaza kwa heshima ya mwenzake. Mpaka walipokuja kuulizana, mama alikuwa ameshaingia ndani na kufunga mlango.

Wamemwambia ni kosa la mashine. Hasadiki. Amewajibu, "Mashine haijui Butali." Hali chakula. Hazungumzi. Picha ya mzee ameigeuza ikatazama ukuta.

Alipoondoka, Linet alinitazama. Nilijua ananitazama ingawa sikuuona uso wake.

Ijumaa, 20 Septemba

Bi Zuhura amerudi, na habari ameshazipata njiani. Ameuliza ni nani. Nikasema tunachunguza. Ameuliza tena. Nikasema tena tunachunguza. Linet alikuwa anapanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

Jumatatu, 23 Septemba

Nachapa polepole. Naogopa M. Leo nimemwomba Linet asome kila kitu kwa sauti kabla ya kuchapa. Bi Zuhura amesikia.

Alhamisi, 26 Septemba

Mama Rasoa alikuja mwenyewe.

Aliingia peke yake, katikati ya wafiwa wa leo, akapiga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika akaketi mbele yangu, akaifungua ratiba ya mazishi tuliyoichapa, yenye historia ya mzee. Bi Zuhura alikuwa kwenye kaunta. Linet alikuwa kwenye fotokopi.

"Sikukuja kugombana," alisema. "Nataka tu kujua nani alikuambia."

Nikamwambia hakuna aliyeniambia. Ni mstari uliobaki.

"Mama, mimi niliishinga na huyo mtu tangu niko msichana. Alikuwa anaendanga Butali, anarudi mwisho wa mwezi. Sikumuulizanga kitu. Sasa karatasi inasema Butali. Mashine itajua Butali namna gani? Kuna mtu alikuja hapa akakuambia. Nitajie tu. Hata kama ni yeye huyo Selina."

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza. Nilielewa kwamba naweza kumpa Linet, naweza kumpa mashine, naye atakwenda nyumbani vile vile alivyokuja. Kwa sababu swali lake halikuwa nani aliuacha mstari. Swali lake ni vipi mtu mzima, mwenye akili, anayechapa historia za watu kila wiki, asiuone.

Linet alikuwa ameshafungua mdomo. Nikamtangulia.

Nikasema, "Mama, mimi sioni."

Nilisema yote. Kwamba mstari ulitoka kwa matanga ya watu wengine. Kwamba nachapa kwa vidole tu. Kwamba nafungua kwa herufi na kuruka kwa herufi, na kioo kile mbele yangu ni ukungu mtupu, kama kila kitu tangu mwaka jana. Nilisema kwa sauti ya kawaida. Benchi lote lilisikia. Bi Zuhura alisikia.

Mama Rasoa akaiweka ile ratiba mbele yangu. "Nisomee hapa."

Nikashindwa.

"Na uso wangu?"

"Naona kitambaa cheupe. Uso sioni, mama."

Linet hakungoja kuambiwa. Alifungua faili ya yule mzee wa wake wawili, akachapa ukurasa mmoja, akauleta. Akakiri pale pale kwamba ni yeye aliyesahau kuufuta mstari. Mama Rasoa anajua kusoma, aliziweka karatasi mbili sambamba akazipitisha kidole. Selina wa Butali huku. Selina wa Butali kule. Maneno yale yale, nukta ile ile.

Akasema, "Kumbe." Halafu akafunika uso kwa mikono miwili.

"Mzee wa watu," alisema. "Nimekuwa nikimnunia mtu aliyekufa."

Alilia sana, na wafiwa wengine wakalia naye, kila mmoja na wake. Mimi pia nililia. Ofisi ilisimama.

Ijumaa, 27 Septemba

Bi Zuhura aliniita nyuma, mahali tunapochemsha chai. Hakufoka. Amesema hanifukuzi, lakini kwa mashine sikai tena. Nitakaa kaunta, nipokee karatasi. Niende hospitali ya macho. Nikirudi naona, kiti changu kipo. Nikirudi sioni, tutaongea. Kuhusu Linet amesema akirudia atamla nyama.

Kisha akauliza kwa nini sikumwambia. Nikamkumbusha Timona. Alijimiminia chai, akasahau kuinywa.

Ni haki. Inaniuma, lakini ni haki. Linet amekalia kiti changu na amekirekebisha urefu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kaunta. Napokea karatasi za watu, nawaambia wakae.

Linet amekitoa kipanya nyuma ya printa. Foleni imerudi kuwa ndefu. Namsikia anabofya, anabofya, anapumua. Kufikia saa ya chakula akageuka. "Senje, hebu nifundishe hivi vitu vizuri. Si kwa kuchungulia."

Nikavua leso yangu nikamfunika mikono. Alipiga kelele. Nikamwambia Miss Agneta angeshampiga rula. Akajifunza B, H, W. M tuliiacha mwisho, na hiyo nimemwekea sharti: baada ya M hakuna kuruka. Unateremka kwa kitufe cha chini, mstari baada ya mstari, unasoma kwa sauti, hata kama benchi limefika barabarani.

Jumatatu, 21 Oktoba

Keshokutwa ni upasuaji wa jicho la kulia. Mguu wangu ulikataa kuingia pale hospitali mara mbili, mara ya tatu Linet akanisukuma mgongoni. Naogopa. Sina la kuongeza.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimerudi nyumbani. Linet ananiandikia? Hapana. Naandika mwenyewe, vibaya, jicho moja limefungwa.

Haikuuma. Kuguswa tu, maji, na mwanga. Daktari aliniambia nitulie, na nilitulia mwili mzima isipokuwa vidole. Muuguzi alidhani natetemeka akanishika mkono. Sikuwa natetemeka. Nilikuwa nachapa juu ya shuka. Nilichapa jina la mama yangu, mahali alipozaliwa, ndoa, watoto. Sikuruka mstari.

Jumatano, 30 Oktoba

Bandeji ilitolewa juzi. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mikono yangu. Imezeeka. Nilidhani bado ni ile ya zamani.

Linet amepika ingokho, kuku wa kienyeji. Ameichoma upande mmoja. Nimemwambia naona.

Jumatatu, 18 Novemba

Naandika kwa kalamu ya kawaida. Daftari limenenepa bure kwa zile herufi kubwa.

Leo Bi Zuhura amenirudishia kiti. Alisalimia watu wote kwanza, kisha akaniambia nisome tangazo lililo ukutani ng'ambo ya barabara. Nikalisoma hadi jina la mchoraji. Akasema, "Alhamdulillahi, kaa."

Nimekiona kishale. Kumbe ni kadude kadogo hivi. Nimekizungusha kidogo kwenye kioo kama kukionyesha kwamba sasa tunajuana, halafu kipanya nimekirudisha nyuma ya printa.

Mchana alikuja Mama Rasoa. Alikuwa na shughuli zake mjini, amesema, akaona apitie. Zile ratiba za mazishi wamezichoma zote. Anataka nyingine, moja tu, ya kuweka ndani ya Biblia.

Nikabonyeza M. Faili ya mzee ilikuwepo, ningeweza kufuta mstari mmoja na kumaliza. Sikutaka. Nilianza upya kutoka kiunzi kitupu, yeye akitaja, mimi nikichapa. Kuzaliwa, Elimu, Kazi. Kwenye Kazi alisema niandike Butali, niiandike vizuri. Kwenye Ndoa nikaandika jina lake. Kisha nikateremka kwa kitufe cha chini, mstari kwa mstari. Chini ya jina lake hapakuwa na kitu.

Linet alisoma kwa sauti, mimi nikifuata kwa jicho. Tukachapa nakala moja. Mama Rasoa akaikunja mara mbili, akaifunga kwenye leso.

Alipokuwa anainuka akauliza, "Sasa uso wangu unauona?"

Nikasema nauona, mama.

"Uko namna gani?"

Nikamwambia ukweli, kwamba umechoka, na kwamba una alama ndogo juu ya nyusi ambayo sikuijua. Akaigusa. Akasema hiyo ni ya kuni, tangu mwaka alioolewa, na kwamba mzee ndiye aliyemfunga kitambaa kwenye kidonda.

Nikamsindikiza mpaka mlangoni. Nje kulikuwa na jua kali, na nilimwona mpaka alipokata kona ya sokoni.